SAFARI KWA MOTOKAA: MIJI YA KALE, MAHALI PATAKATIFU NA MBUGA ZA WANYAMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa kazi ya kunena habari za safari wakati wa livu. Aghalabu sisi makarani tukipata ruhusa twaenda moja kwa moja makwetu kuwaamkia wazee, kisha twarudi mezani. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Walakini nchi tunayoiandika kila siku katika majalada, wengi wetu hatujaiona kwa macho. Watu wanne wakichanga bei ya petroli, waweza kuona mambo makubwa kwa muda wa siku saba. Lakini yafaa wajue pia kwamba motokaa, ingawa humfikisha mtu upesi, yaweza kumpitisha asione kitu.

Twaanza Bagamoyo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wadachi mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kabla ya hapo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe na watumwa kutoka Tabora na Ujiji. Hapa ndipo Chuma na Susi na wenzao walipofika mwaka 1874, wakiuleta mwili wa Livingstone. Walikuwa wamekwenda kwa miguu muda wa miezi tisa hivi. Karibu na mji ipo Kaole, yenye msikiti wa mawe wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Bandari yake ilizibwa na mikoko, na wenyeji wakahama. Lakini hata sasa watu huenda kwenye makaburi yale kuomba dua. Basi tusiyakanyage wala tusiketi juu yake kupigwa picha.

Kutoka huko twapita Msata na Chalinze mpaka Morogoro, tukifika Mikumi. Mbuga hii ilitengwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Iringa yaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Mwendo umewekewa kikomo, na amgongaye mnyama hutozwa faini. Wako madereva wanaopunguza mwendo kwa kumwogopa askari tu. Twasema mnyama hajui saa ya mkutano wetu; akivuka njia, njia ni yake.

Twarudi Morogoro, twashika njia ya Dodoma, isiyo mbali sana na ile ya misafara ya zamani, kisha twaelekea kaskazini mpaka Kondoa. Hapo Kolo, katika miamba, kuna picha nyekundu na nyeupe za watu, twiga, tembo na pofu, zilizochorwa na watu wa kale sana. Bibi Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, na mwaka 2006 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Jambo la Kolo lataka fikira. Mahali paitwapo Mongomi wa Kolo, wenyeji huja kutambika kwa ajili ya mvua na wagonjwa, na pengine hunyunyiza pombe mwambani. Wengine husema, wakatazwe, maana picha zinafifia. Wengine hujibu kwamba mahali pasipo wenyewe hapatunzwi na mtu. Sisi twaona jibu la pili lina nguvu. Waliochimbua ardhi ya pale wakitafuta mali wanayodhani ilifukiwa na Wadachi hawakuwa watu wa matambiko. Walikuwa watu wa tamaa. Mwenye kuogopa mizimu ya mwamba hatauchimba. Basi wenye elimu ya kutunza picha na wazee wa matambiko na waketi pamoja, wapatane mahali pa kunyunyizia pasipodhuru picha. Kufukuzana hakutaokoa kitu.

Mwisho twafika Tarangire, mbuga iliyopata cheo cha hifadhi ya taifa mwaka 1970. Wakati wa kiangazi tembo hukusanyika mtoni kwa makundi makubwa. Hapo zima mtambo, unyamaze, utazame. Usiiache njia kuwafuata, maana ni marufuku, na majani yaliyokanyagwa na magurudumu ni chakula cha wenzio.

Mabwana na Mabibi, twatoa mashauri matatu. Kwanza, wanachama wa kila ofisi waanze kuchanga sasa, wasingoje mwezi wa livu. Pili, kila mahali tufikapo tumtafute kwanza mlinzi au mzee wa mahali, tumsikilize kabla ya kutoa kamera. Na Kolo tupite ofisi ya Mambo ya Kale. Tatu, kila msafiri arudipo aandike ukurasa mmoja wa aliyoyasikia kwa wazee, auleta kwa Katibu. Jalada likipotea ofisini, pengine nakala yake hupatikana. Mzee akifa na habari zake, hakuna nakala.