Homa Isiyosikia Dawa: Kwa Nini Mtoto Apimwe kwa Hadubini

Leo tutazungumza juu ya homa isiyosikia dawa ya malaria. Tutazungumza pia juu ya chombo kinachoweza kutuonyesha chanzo cha homa hiyo. Chombo hicho huitwa hadubini.

Hadubini ni chombo cha maabara chenye lenzi zinazokuza vitu vidogo ili vionekane. Hadubini ya kawaida hospitalini inaweza kukuza kitu mara 1,000. Unapompeleka mtoto mwenye homa kituoni, hutobolewa kidole na tone la damu likapakwa juu ya kipande cha kioo kiitwacho slaidi. Damu hiyo hukaushwa, hutiwa rangi, kisha mtaalamu wa maabara huitazama kwa hadubini. Kama kuna vimelea vya malaria, ataviona. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyeviona kwanza, mwaka 1880, akiwa Algeria. Siku hizi kuna pia kipimo cha haraka cha malaria ambacho hakihitaji hadubini.

Sasa msikilizaji, huenda unajiuliza: je, mtoto akipimwa na malaria isionekane, lakini homa inaendelea? Au akipewa dawa ya malaria, akaimaliza yote, na wiki ya pili au ya tatu bado anachemka? Hapo ndipo wengi wetu hukosea njia. Wengine hurudi dukani kununua dawa ya malaria mara ya pili na ya tatu. Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine hungoja tu. Kumbe mtoto anaweza kuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Mmoja wa magonjwa hayo ni kala-azar.

Jina kala-azar limetoka India, na maana yake ni ugonjwa mweusi. Huko India ugonjwa huu uliwasumbua hata madaktari. Wengi wao walidhani ni malaria sugu. Waliwapa wagonjwa kwinini, lakini wagonjwa hawakupona. Jibu lilipatikana kwa hadubini. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Uingereza, William Leishman, alitangaza kwamba ameona vijidudu visivyojulikana katika wengu wa askari aliyekufa baada ya kutumika huko Dum Dum, karibu na Calcutta. Mwaka huo huo Charles Donovan, aliyekuwa daktari mjini Madras, aliviona vijidudu hivyo hivyo, hata kwa mgonjwa aliyekuwa hai. Ndiyo maana kimelea hicho kinaitwa Leishmania donovani. Tangu hapo ikajulikana kuwa huu si malaria, bali ni ugonjwa wenye kimelea chake na unaohitaji dawa yake.

Ugonjwa huu uko hapa kwetu pia. Nchini Kenya hupatikana zaidi katika maeneo makavu: Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa na Kitui. Mlipuko mkubwa ulitokea Kitui katika miaka ya 1950. Mwaka 2000 na 2001 ulizuka Wajir na Mandera, na mwaka 2014 ukaonekana tena Marsabit na Wajir. Huenezwa na mdudu mdogo aitwaye usubi. Usubi ana rangi ya mchanga, ana urefu wa milimita 2 au 3 tu, na harushi kelele kama mbu. Mchana hujificha ndani ya vichuguu vya mchwa na katika nyufa za kuta na za ardhi. Jioni na usiku hutoka kuuma watu.

Mama, utaitambuaje kala-azar? Hizi ndizo dalili zake:

Kwanza, homa inayozidi wiki mbili. Pengine hushuka, kisha hurudi.

Pili, tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Hapo ndipo ulipo wengu, ambao wengine huuita bandama.

Tatu, mtoto hukonda huku tumbo likizidi kuwa kubwa. Hamu ya kula hupungua.

Nne, hupungukiwa na damu. Viganja na ndani ya midomo huwa vyeupe, naye huchoka upesi. Wengine hutokwa na damu puani.

Mtoto mwenye dalili hizi ni rahisi kudhaniwa kuwa ana utapiamlo au malaria ya mara kwa mara. Lakini sikilizeni vizuri: kala-azar isipotibiwa, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hufa. Ikitambuliwa mapema na kutibiwa, wengi wao hupona. Kinachotenganisha makundi hayo mawili mara nyingi ni kipimo.

Je, slaidi ile ya malaria inatosha? Hapana. Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo tone kutoka kidoleni huweza kukionyesha. Kimelea cha kala-azar hujificha ndani ya chembe zile zinazoulinda mwili, nacho hujaa kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa. Ni kidogo mno: vikipangwa kwa mstari, vimelea kama 300 vinaweza kuenea katika milimita moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "damu haina malaria", usidhani amekwambia mtoto hana ugonjwa. Tena mtoto anaweza kuwa na malaria na kala-azar kwa wakati mmoja. Malaria ikatibiwa, na ile nyingine ikabaki.

Kituoni, kipimo cha kwanza cha kala-azar kwa kawaida ni kipimo cha haraka. Tone la damu huwekwa kwenye kijiti maalumu na majibu hupatikana kwa muda mfupi. Kipimo hiki kimesaidia sana vituo vilivyo mbali na hospitali kubwa. Hata hivyo kina mapungufu mawili. Kwanza, katika nchi zetu za Afrika Mashariki kuna wagonjwa ambao hakiwagundui. Pili, mtu aliyewahi kuugua na kupona anaweza kuendelea kuonyesha alama kwa muda mrefu, kwa maana kipimo hiki hakitafuti kimelea chenyewe, bali kinga ambayo mwili umetengeneza kupigana nacho. Mtoto aliyetibiwa mwaka jana akipata homa tena, kijiti hakiwezi kusema kama ugonjwa umerudi.

Hapo ndipo hadubini inapohitajika. Daktari aliyefundishwa kazi hiyo huchukua tone dogo sana kutoka kwenye wengu au uboho kwa sindano. Tone hilo hupakwa juu ya slaidi, hutiwa rangi na kutazamwa. Mtaalamu huona miili midogo ya mviringo, kila mmoja ukiwa na nukta moja na kijistari kifupi kando yake. Akiviona, shaka imekwisha. Hata huvihesabu, ili baadaye ijulikane kama dawa imevimaliza.

Najua neno sindano ya wengu linaogopesha. Ni kweli kipimo hiki hakifanywi kila mahali wala kwa kila mgonjwa, kwa sababu kinaweza kuleta kutokwa na damu ndani ya tumbo. Ndiyo maana hufanywa hospitalini, baada ya kuhakikisha kwamba damu ya mgonjwa inaganda vizuri, kisha mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa. Una haki ya kuuliza kwa nini kinafanywa na kitafanywaje. Uliza, ueleweshwe, ndipo ukubali.

Kuna mengine ya kuepuka nyumbani. Msichanje wala kuchoma tumbo la mtoto juu ya wengu. Vimelea havitoki kwa wembe wala kwa moto, na mtoto aliyepungukiwa na damu huongezewa jeraha. Msilikande tumbo hilo kwa nguvu, kwani wengu uliovimba unaweza kupasuka.

Unapofika kituoni, usiseme tu "mtoto ana homa". Sema hivi: "Daktari, homa hii ni wiki ya tatu. Alipewa dawa ya malaria akaimaliza. Tumbo limevimba upande huu. Tunaishi karibu na vichuguu, na mwezi uliopita tulikuwa malishoni." Beba kijitabu cha kliniki na karatasi za vipimo vya awali. Maneno hayo machache humwelekeza daktari afikirie kala-azar. Kama kituo hakina kipimo, omba barua ya kukuelekeza hospitali yenye kipimo, na uende bila kuchelewa.

Kala-azar ikithibitishwa, matibabu ya kawaida hapa Kenya yamekuwa sindano za dawa mbili kila siku kwa siku 17. Mama mjamzito hupewa dawa tofauti. Siku 17 ni nyingi kwa mama aliyeacha watoto wengine na mifugo nyumbani, lakini homa huweza kushuka kabla vimelea havijaisha. Ukiondoka siku ya nane kwa kuwa mtoto amechangamka, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mgumu zaidi. Jamaa na majirani, hapa ndipo msaada wenu unapohitajika: mchungieni mbuzi, mpikieni watoto wake, ili yeye akae hospitalini mpaka amalize. Baadaye mtoto arudishwe kuangaliwa kwa tarehe atakazopewa.

Kuhusu kinga, mlaze mtoto ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata mkiwa malishoni. Watoto wasikae wala kucheza juu ya vichuguu jioni. Zibeni nyufa za kuta.

Basi akina mama, tukumbuke mambo matatu. Homa ikizidi wiki mbili, mtoto apimwe tena. Kukosa malaria kwenye slaidi si kukosa ugonjwa. Na matibabu yakianza, yamalizwe. Ukimjua jirani ambaye mtoto wake ana homa isiyoisha na tumbo limevimba, mweleze uliyoyasikia leo, na ikiwezekana umsindikize hospitalini.