Nyasi za Jirani

Somo: Ezekieli 34:17-22



Nabii Ezekieli halaumu wachungaji peke yao; analigeukia kundi lenyewe. Wanyama walionona wamekula malisho mema, kisha yaliyobaki wameyakanyaga. Wamekunywa maji safi, na yaliyosalia wameyavuruga. Walio dhaifu wameachiwa makombo hayo. Mungu asema atahukumu kati ya mnyama na mnyama.

Sisi wafugaji twalielewa neno hili upesi. Malisho ni ya wote, na kila mmoja wetu husema moyoni: nikiongeza ng'ombe mmoja, nitadhuru nini? Jirani naye husema vivyo hivyo. Nyasi huliwa hadi mizizi, ardhi hukanyagwa ikawa ngumu, na mvua ijapo, maji hayaingii ardhini bali huchukua udongo na kuchimba makorongo. Ukame ukifika, mwenye ng'ombe mia tatu huswaga kundi lake kwenda mbali. Mjane mwenye ng'ombe wawili huwatazama wakifa zizini.

Mkoani Shinyanga, Tanzania, mambo hayo yalionekana wazi. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, nchi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Dawa iliyofaa sana ilikuwa tayari nyumbani: desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa, isiingiwe na mifugo mpaka kiangazi. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji, na avunjaye mwiko hutozwa faini. Mwaka 1986 zilisalia takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka katika visiki vya zamani. Uhai ulikuwa ungali chini ya vumbi, ukingoja kwato ziondoke.

Wapendwa, twafunga siku arobaini za Kwaresima. Ngitili nayo ni mfungo: twaziona nyasi mbichi, wala hatuzigusi, ili mwenzetu naye apate. Lakini wapo miongoni mwetu wanaomtolea Mungu ndama mchana, na usiku huingiza ng'ombe katika malisho yaliyofungwa. Je, tumepata kuliungama jambo hili? Sadaka yetu hairudishi nyasi za jirani.

Basi juma hili, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulizane: mnyonge wetu atalisha wapi kiangazi kijacho? Na wenye mifugo mingi wawe wa kwanza kusimama katika mkutano wa kijiji na kukubali sehemu ifungwe.

Ee Bwana, Mchungaji Mwema, utufundishe kuacha kitu kwa ajili ya mwenzetu. Amina.