Ugonjwa wa Siliaki na Chai ya Kikao Chetu

(Mazungumzo ya Kamati ya Jamii siku ya kilele cha sherehe za miaka kumi ya kikundi)



Wenzetu wa hazina wamekwisha wasomea hesabu za hisa na mikopo, nanyi mmepiga makofi. Sisi wa Kamati ya Jamii tumeombwa tueleze jambo moja ambalo kikundi kimejifunza. Baada ya kushauriana tumeona tusichague la kujisifu. Tumechagua lile tulilolikosea, na mama anayehusika ametupa ruhusa.

Tulipoanza hapa Moshi mwaka 2015 mali yetu ilikuwa sanduku lenye kufuli tatu na birika la chai. Kila Alhamisi, fedha zikishahesabiwa, tulikunywa chai kwa maandazi, na mwenye zamu ndiye aliyeandaa. Nanyi mnajua desturi yetu: mtu asiyekula chakula cha mwenzake, basi ana jambo moyoni.

Mwenzetu mmoja alikuwa na binti wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa na tumbo kubwa na mikono kama vijiti. Aliharisha kila mara, mavi yake yalikuwa mengi na yenye harufu kali, na wenzake wa rika moja walimpita kwa kimo. Alitibiwa minyoo, alitibiwa amiba, akaandikiwa uji wa lishe. Mama alimnywesha uji ule kwa bidii na mtoto akazidi kukonda. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya unga ule wa mchanganyiko mlikuwa na ngano. Mitaani watu walianza kunong'ona juu ya mama yule na mumewe, mambo ambayo hatutayarudia hapa.

Mwaka 2017 mtoto alipelekwa kwa bibi yake kijijini, akakaa miezi miwili. Kule alikula mtori, kiburu, viazi na maziwa. Alirudi na mashavu! Lakini baada ya wiki chache za mkate na chapati nyumbani, hali ikawa ile ile. Mama akatuambia kwenye kikao, "Jamani, mimi naona ngano ndiyo inayomdhuru mwanangu."

Tulicheka. Tukamwambia, mbona sisi sote tunakula ngano? Wengine walisema anaringa, maandazi yetu hayamtoshi. Na siku moja, mama akiwa ametoka nje, mmoja wetu alimpa mtoto nusu andazi akisema, "Kidogo tu, hakitamwua." Mtoto alitapika na kuharisha siku tatu. Alhamisi iliyofuata mama hakuja. Aliyofuata alileta barua ya kuomba hisa zake, ajitoe.

Aliyetoa nusu andazi lile anasimama hapa pamoja nasi katika kamati hii. Yeye ndiye aliyekwenda kwanza kuomba radhi, nasi tukamfuata. Kisha tukakubaliana mfuko wa jamii utoe mkopo usio na riba ili mtoto apimwe katika hospitali kubwa. Hiyo ilikuwa mwaka 2018.

Sasa hebu tueleze tulichoambiwa na tulichojifunza tangu hapo.

Ugonjwa huo unaitwa siliaki. Chanzo chake ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Mama anayekanda chapati anaijua gluteni hata kama hajui jina lake: donge linapovutika kama mpira, kinacholivuta ndicho hicho. Unga wa mahindi au wa mchele hauvutiki hivyo.

Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika vita hiyo huuumiza utumbo wake yenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vidole vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vidole hivyo husinyaa na kulala. Chakula kinapita tu, mwili haupati kitu. Ndiyo sababu mtoto anakula na hakui. Kwa mtu mzima ugonjwa unaweza kujificha: upungufu wa damu usiokoma hata kwa vidonge vya madini ya chuma, uchovu, vidonda vya mdomoni, mifupa dhaifu, au upele unaowasha vibaya viwikoni na magotini.

Hauambukizi. Hautokani na kurogwa, wala si adhabu. Unafuata ukoo, kwa hiyo akipatikana mmoja, wazazi na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Duniani unakadiriwa kumpata mtu kama 1 katika kila 100. Wala msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi katika Afrika yetu hii, ukakuta zaidi ya 5 katika kila 100 wanao.

Na mama yule tuliyemcheka hakuwa wa kwanza kuishuku ngano. Huko Uholanzi daktari wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa ameanza kuishuku tangu miaka ya 1930, na inasimuliwa kuwa mmoja wa waliomfungua macho alikuwa mama aliyeona mwanawe anapata nafuu akinyimwa mkate. Katika njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na yaliyowapata watoto wa siliaki wakati ule yakamzidishia imani. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake kuthibitisha kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru. Kumbe daktari mkubwa alisikiliza neno la mama, na sisi akina mama tukashindwa kumsikiliza mwenzetu.

Kipimo huanza kwa damu. Mara nyingi hufuata mpira mwembamba wenye taa, unaopitishwa mdomoni hadi utumboni kuchukua vinyama vidogo vya kupima. Hapa pana jambo la kuzingatia sana: usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa, maana vipimo vinaweza kuonyesha hana kitu. Mama yule alikuwa amekwisha mwachisha. Akaambiwa amrudishie kwa wiki kadhaa. Kumlisha mwanao kwa mkono wako kitu unachojua kinamwumiza! Wiki zile tulikwenda kwa zamu kukaa naye, kufua nguo za mtoto na kumpikia. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tulipoacha kubisha.

Majibu yalitoka: ni siliaki. Mama naye akapimwa, akakutwa nayo. Miaka yote alidhani damu yake inapungua kwa ajili ya uzazi.

Dawa ya kuiponya hakuna. Kinachotibu ni chakula, maisha yote, na utumbo hupona taratibu. Shukuru Mungu, shamba letu limejaa chakula kisicho na gluteni: ndizi, mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, magimbi, viazi, maharage, mayai, nyama, samaki na mboga zote. Hata mbege, kwa wanaokunywa, hutengenezwa kwa ndizi na ulezi. Bia ya kiwandani kwa kawaida hutokana na shayiri. Huhitaji kununua vyakula vya makopo vya bei mbaya.

Shida ni pale ngano inapojificha. Kwa hiyo tunawapa funguo tatu, kama za sanduku letu.

Ufunguo wa kwanza ni dukani na mashineni. Soma maandishi ya pakiti: tambi, biskuti, semolina, mchuzi wa soya, baadhi ya soseji, unga wa lishe. Mashine iliyosaga ngano asubuhi itaacha ngano katika mahindi yako ya mchana. Tafuta mashine isiyosaga ngano, au twanga nyumbani.

Ufunguo wa pili ni jikoni. Mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange ndizi za mgonjwa. Kibao cha chapati kiwe mbali. Kitumbua ni cha mchele, lakini muulize mpishi kama hakuongeza ngano. Kachori ni ya kiazi, lakini imechovywa katika nini? Inaelezwa kuwa miligramu 50 tu za gluteni kila siku zinatosha kuudhuru utumbo. Ukikigawa kipande kimoja cha mkate mafungu kama 40, fungu moja ndilo hilo. Kwa hiyo neno "kidogo tu" tumelifuta.

Ufunguo wa tatu ni mdomo wetu, sisi tusioumwa. Kwenye harusi na msiba usimshurutishe mtu kula, wala usimnunie. Muulize, "Unakula nini, nikupikie?" Akija na kikapu chake, mpe kiti na sahani safi. Mwenye siliaki hafi njaa katika nchi hii, ila anaweza kufa upweke akiwa katikati ya watu wanaokula.

Hisa zile hazikutolewa. Barua ilirudishwa kwa mwenyewe naye akaichana mbele yetu. Mwaka 2019 tuliongeza kifungu katika katiba ya kikundi: chai ya kikao isiwe na ngano. Tangu hapo tunakunywa kwa viazi vitamu, magimbi, karanga na vitumbua. Wachache walinung'unika mwanzoni, hasa wauza maandazi wetu. Leo wawili kati yao wanauza vitumbua vya mchele mtupu, na wana wateja.

Binti yetu sasa ana miaka 11. Hajawafikia wenzake wote kwa urefu, lakini anakimbia mchakamchaka na kuimba kwaya, na tangu anywe uji wa ulezi mtupu hajalazwa tena. Yeye ndiye tuliyemwomba akate keki yetu ya leo. Imepikwa kwa unga wa mchele na muhogo, katika sufuria mpya, na ametuhakikishia ameionja.

Basi karibuni mezani. Yupo miongoni mwenu mwenye mtoto asiyekua, au damu isiyopanda? Asione haya, atufuate baada ya hafla, twende naye hospitali. Na kama ana jambo aliloliona kwa macho yake katika mwili wa mwanawe, safari hii tutamsikiliza kwanza.