Kupanga Muda wa Sala Binafsi



Sisi tunaohudumu Handeni na Korogwe hufungua kila kikao kwa sala na kukifunga kwa sala. Lakini tulipoulizana, “Jana uliomba lini peke yako?” wengi tuliinamisha vichwa.

Mradi wa maji wa HTM huchota maji ya Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyasukuma hadi Handeni. Pampu ikizimwa, bomba lipo lakini ndoo haijai. Ndivyo ilivyo huduma isiyo na sala ya faraghani.

Tumeazimia mambo matatu. Kwanza, wakati maalumu: Bwana Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema akaenda kuomba mahali pasipo watu (Marko 1:35). Pili, dakika 15 zatosha kuanzia: 3 za shukrani, 3 za toba, 5 za Neno, 4 za kuwaombea wengine. Tatu, daftari dogo: kila siku kijiji kimoja, pamoja na wafadhili wetu.

Lakini mama anayeamka saa kumi usiku kufuata maji, tusimwambie aamke saa tisa. Yeye na aombe njiani. Nasi akina baba, tukichota ndoo mbili kabla ya kufungua Biblia, tutampa naye nafasi ya kupiga magoti. Hiyo nayo ni sehemu ya kupanga muda wetu wa sala.