MTO HAUSUBIRI BAJETI: WAHANDISI WA JESHI NA VIVUKO VYA SIMIYU

(Mada niliyoitoa mbele ya vijana wa chama, Bariadi. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)



Nawashukuru viongozi kwa kunipa nafasi. Najua wengi mlitegemea nizungumzie tume ya uchaguzi au bei ya pamba. Hayo wenzangu watayasema, na watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nimepewa nusu saa na nataka niitumie kuzungumzia kitu kimoja tu: daraja. Na zaidi ya hapo, wanajeshi wanaojenga daraja. Msicheke, mtaona tunakokwenda.

Nianze mbali kidogo, Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapigana huko na Wajapani. Ndani yake walikuwemo askari wa KAR, wale ambao mababu zetu waliwaita Keya, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope mpaka magotini, malaria juu, na mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mwezi huo huo wahandisi wa jeshi wakatandika pale daraja linaloelea lenye urefu wa futi 1,154, yaani kama mita 350. Kwa wakati ule lilikuwa daraja refu kuliko yote ya aina yake duniani. Vita ilikuwa inaendelea, na halikuchukua hata mwezi.

Aina hiyo ya daraja inaitwa Bailey. Aliyeibuni ni Mwingereza, Donald Bailey, miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana siri yake ni rahisi mno. Ni fremu za chuma zinazofanana zote. Kila fremu ina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanaibeba. Fremu moja inaungwa na nyingine kwa pini, kama unavyounga tela kwenye trekta. Hakuna kuchomelea, hakuna winchi. Unaliunga lote ukiwa upande mmoja wa mto, mbele unaliwekea pua ya chuma nyepesi, halafu watu wanalisukuma juu ya roli mpaka pua iguse ng'ambo. Unatandika sakafu, gari linapita. Mita 30 au 40 unavuka bila nguzo hata moja katikati ya maji. Watu waliolijenga vitani wengi wao walikuwa askari wa kawaida waliofundishwa kazi. Teknolojia hiyo ina zaidi ya miaka 80 na bado inatumika kote duniani, na hapa kwetu pia madaraja ya chuma ya namna hiyo yapo.

Sasa tusogee karibu. Hapo jirani zetu Kongo, jeshi la Umoja wa Mataifa limekuwa na vikosi vya uhandisi kwa miaka mingi. Wachina walikaa Bukavu, Waindonesia walikaa Dungu, kule kaskazini mashariki kabisa. Kazi yao kubwa haikuwa kupiga risasi. Ilikuwa kufukia mashimo, kufungua barabara zilizofungwa na msitu, na kurudisha madaraja yaliyooza ili mama wa kijijini apeleke mihogo yake sokoni. Vijana wetu wa JWTZ wako Kongo tangu mwaka 2013, kwenye ile brigedi maalumu ambayo kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Wameyaona hayo kwa macho yao. Na mwaka 2023 Malawi ilipopigwa na kimbunga Freddy, serikali yetu ilipeleka chakula, mahema, mablanketi na helikopta za jeshi. Tulifanya vizuri. Jirani akiunguliwa nyumba, unakwenda na ndoo.

Lakini makamanda, nauliza swali la kawaida kabisa. Ikiwa askari anaweza kujenga daraja kwenye kijiji cha nchi ya watu, kijiji cha kwetu kina kosa gani?

Ninyi ni watu wa Simiyu, mito yetu mnaijua. Mimi nimekulia ng'ambo ya mto wa mchanga. Mwezi wa nane ukifika pale hutaamini kwamba ni mto. Watoto wanacheza mpira katikati, akina mama wanachimba vidimbwi kuteka maji, ng'ombe wanalala. Halafu mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja. Hapo ulipo jua linawaka, mbingu nyeupe, kumbe huko juu imenyesha. Unasikia ngurumo, unadhani ni lori. Ni maji. Ndani ya dakika chache mchanga wote umefunikwa, yanakuja na magogo na mizizi. Aliye upande huu anabaki huku, aliye kule anabaki kule. Yanaweza kushuka baada ya saa tatu, yanaweza kushuka kesho kutwa.

Sasa chukua kalenda uhesabu. Shule zinafunguliwa Januari, mto umejaa. Pamba inataka dawa ya wadudu Januari na Februari, mto umejaa, dawa iko ghalani ng'ambo na funza wako shambani. Mimba haina kalenda, mama anashikwa na uchungu usiku wa Machi, anabebwa kwenye kitanda mpaka ukingoni, pikipiki inasubiri upande wa pili na hakuna anayethubutu kuingia. Mimi nimeshika mguu wa kitanda hicho. Yule dada alijifungulia pale pale kwenye majani, kwa mwanga wa simu. Mungu alisaidia, mtoto ni mzima. Lakini kumsifu Mungu hakumwondolei serikali wajibu wake.

Tuseme ukweli, sisi siyo watu wa kukataa kila kitu. Lami tumeiona. Ukitoka Lamadi unakuja Bariadi, unakwenda Maswa, unatokea Mwigumbi, gari halirushi vumbi. Daraja la Sibiti, mita 82, limeunganisha Meatu na Mkalama mkoani Singida baada ya watu kulisubiri miaka na miaka. Hayo ni maendeleo na yamejengwa kwa kodi zetu. Tatizo liko pale unapoacha lami. Kilomita kumi tu ndani, kwenye njia inayokwenda zahanati, shule na mnada, unakutana na mto hauna kitu.

Wakubwa wakiulizwa wanajibu: fedha, na muda. Upembuzi yakinifu, usanifu, zabuni, mkandarasi. Sawa. Tuanze na muda.

Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza jeshi lijenge ukuta kuzunguka machimbo ya tanzanite kule Mererani. Ukuta wa kilomita 24.5. Vijana wa JKT na JWTZ wakaingia kazini, ndani ya miezi michache ukawa umesimama, na tarehe 6 Aprili 2018 ukazinduliwa. Mimi silalamikii ukuta. Madini ni mali yetu na yalikuwa yanaibwa. Ninachosema ni kwamba siku ile serikali ilituonyesha yenyewe kwamba muda siyo tatizo. Pakiwa na kitu ambacho mkubwa anaona kina thamani, jeshi linakuja na kazi inakwisha. Kwa hiyo mkiambiwa daraja la mita 20 linahitaji miaka saba ya mchakato, muulizeni anayesema hivyo: kati ya jiwe na mtoto wa darasa la tatu, nani aliyepimwa akaonekana mwepesi?

Twende kwenye fedha. Kuanzia Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini, zile za TARURA. Wapo hapa madereva wa bodaboda. Ukiweka lita mbili kwa siku, kwa siku 300, umetoa shilingi 60,000 kwa mwaka. Wewe mmoja, na Boxer yako ya mkopo. Na bado kuna tozo za mafuta za zamani zinazoingia Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo usikubali kuitwa ombaomba. Umeshalipa nauli, unauliza gari liko wapi.

Hapa kuna kamanda aliniuliza kabla sijasimama: sisi chama cha upinzani, tunaomba wanajeshi waje vijijini? Na yaliyotokea kwenye korosho tumesahau? Hatujasahau. Novemba 2018 jeshi lilipelekwa Mtwara na Lindi kubeba korosho, na wako wakulima waliokaa miezi wakisubiri malipo yao. Jeshi halikuweza kutibu tatizo lililoletwa na uamuzi wa mezani. Na najua kuna mahali mwananchi akiona magwanda, hasa karibu na uchaguzi, anaingiza watoto ndani.

Ndiyo maana nasema kwa uangalifu. Sitaki jeshi liwe TARURA. Barabara za raia zisimamiwe na raia, fedha zake zikaguliwe na CAG, na diwani awe na meno ya kuhoji. Tusisahau kwamba kabla ya 2017 barabara hizi zilikuwa chini ya halmashauri. TARURA ilipoanzishwa zikahamia huko, na tangu hapo madiwani wengi wanalalamika kwamba mhandisi hawajibiki kwao tena. Ukileta kanali juu ya hapo, mwananchi atamuuliza nani?

Ninachotaka ni kitu kidogo na kinachowezekana. Jeshi letu lina wahandisi wa medani. Kazi yao vitani ni kuvusha jeshi mtoni. Wakati wa amani wanahitaji mazoezi. Basi wafanyie mazoezi kwenye mito yetu. Mkoa uwe na akiba ya fremu za madaraja ya chuma, TARURA iseme wapi, halmashauri ikubali, wahandisi waje kiangazi, wajenge, waondoke. Siyo mwezi wa kampeni. Na gharama itangazwe ubaoni kijijini, shilingi kwa shilingi.

Pia siyo kila mto unataka chuma. TARURA yenyewe imeshajenga madaraja ya mawe, kwa kuanzia Kigoma, na inasema gharama inapungua sana. Angalieni vilima vyetu hapa. Tuna mawe mpaka yanatuzuia kulima! Tunachokosa ni fundi na saruji, na mtu wa kuamua.

Na vijana wa kufanya kazi wapo. JKT ipo tangu 1963. Tangu 2013 vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaitwa tena, wanakwenda, wanakimbia mchakamchaka, wanalima, wanarudi. Wafundishwe na hili. Sisi Wasukuma kabla hata ya JKT tulikuwa na basumba, vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale, wakiitwa shamba la mtu wanalima kwa ngoma mpaka jioni. Mtu asituambie hatujui kufanya kazi pamoja.

Sasa kazi ya kuondoka nayo. Nataka kila mmoja wenu akifika kwao afanye mambo matatu.

La kwanza, aende mtoni akapime. Chukua kamba, pima upana kutoka ukingo hadi ukingo, pima alama ya maji yalipofika juu kwenye miti. Hesabu kaya zilizo ng'ambo, watoto wanaovuka kwenda shule, umbali hadi zahanati. Andika kwenye daftari. Ukisema "tuna shida ya daraja" watakupuuza. Ukisema "mita 24, kaya kadhaa hizi hapa kwa idadi, siku 19 shule haikufikika mwaka huu", utaona mtu anafungua faili.

La pili, mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria unafanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Hauhitaji kadi ya chama. Peleka daftari lako, omba liingie kwenye muhtasari. Wenzetu wa CCM nao wanavuka mto ule ule, watakuunga mkono wengi kuliko unavyodhani.

La tatu, diwani na mbunge. Aulizwe kwa maandishi: zile shilingi 100 zimejenga nini kwenye kata hii? Mkoa huu watu wake wanajua kuwajibisha. Bariadi Mashariki ilimpeleka John Cheyo wa UDP bungeni. Mwaka 2010 Meatu na Maswa zote mbili, Mashariki na Magharibi, zilichagua CHADEMA. Watu wale hawakushuka kutoka mbinguni, ni baba na mama zenu.

Na daraja likijengwa, lilindwe. Pini ya daraja ikiishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtoto atakayeanguka siyo wa waziri.

Leo tuko kiangazi, mchanga umekauka na kupima ni rahisi. Mvua za kwanza hazijafika. Nataka kufikia mwisho wa mwezi huu kila tawi liwe limeleta daftari lake kwa katibu, na katibu ameshanikubalia kwamba yatapelekwa pamoja TARURA na kwa Mkuu wa Mkoa, kwa barua moja, na nakala tutaziweka hapa kwenye blogu kila mtu azione.