Ngoma Si ya Kumlaki Mgeni Tu

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera.)



Mliponialika mlinitaka niseme juu ya sanaa na maisha ya jumuiya katika Chuo Kikuu, kwa kuwa nimepita huko, na kwa kuwa baadhi ya watoto mnaowafundisha watafika huko siku moja. Nimeipokea kazi hiyo kwa furaha. Lakini naomba ruhusa nisiifanye kama msafiri anayesimulia maajabu ya mbali. Kutoka hapa hadi Mlimani, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali kubwa la sanaa katika Chuo Kikuu chetu limekuwa ni swali la umbali huo huo: msomi yu mbali kiasi gani na wananchi waliomsomesha, na atarudije kwao?

Chuo kile hakikuanzia Mlimani. Kilifunguliwa Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kwa kuwa hakikuwa na majengo yake, kilipewa nafasi katika jengo la TANU, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kilihamia kwenye vilima vya nje ya mji, na Julai, 1970, kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa.

Ninyi mnaokaa katika nchi ya vilima mnajua faida ya kilima. Aliye juu huona mbali. Mnajua pia hasara yake: husikia upepo kuliko sauti za walio bondeni. Hatari hiyo ilidhihirika mapema. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho yao, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ukitazama vizuri, yale yalikuwa maonyesho kamili: vazi la wanachuo wa Uingereza chini ya jua la Dar es Salaam, na ujumbe kwamba msomi asitozwe deni la elimu yake. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa maana suala halikuwa la vijana peke yao. Lilikuwa suala la kila aliyeinuliwa na umma kisha akausahau.

Wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi baadaye. Na mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, chuo kilianza kufundisha sanaa za maonyesho. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba yalitokea katika hali moja ya hewa, wakati taifa lilipokuwa likijiuliza elimu ni ya nani.

Hapo kabla, tamthilia katika shule zetu kubwa ilikuwa tamthilia ya Kiingereza. Kijana aliyesifiwa ni yule aliyekariri maneno ya Shakespeare bila kugugumia. Sina ugomvi na Shakespeare, ambaye Mwalimu mwenyewe alimtafsiri kwa Kiswahili. Lakini taifa haliwezi kujitambua kwa kioo cha kuazima tu. Ndipo akatokea Ebrahim Hussein, aliyesoma na kufundisha chuoni hapo, ambaye mchezo wake wa Kinjeketile ulichapishwa mwaka 1969. Ulileta jukwaani Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na swali zito: imani inayowaunganisha watu, je, yaweza pia kuwaangamiza? Akatokea pia Penina Muhando, aliyeandika Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), na baadaye Nguzo Mama (1982). Hawa walichagua Kiswahili kwa makusudi, wakijua kwamba Kiingereza kingewapatia wasomaji na sifa za ng'ambo.

Sanaa iliyajenga pia maisha ya jumuiya chuoni. Niliyakuta hayo nilipokuwa mwanafunzi miaka mingi baadaye. Jioni, baada ya masomo, ungeona kijana wa uhandisi, binti wa sheria na mwanafunzi wa kemia wamezunguka ngoma moja. Pale nilijifunza kucheza sindimba ya Wamakonde, mimi mzaliwa wa Bukoba, kabla sijaweza kutofautisha mdundo mmoja wa Ngara na mwingine wa Biharamulo. Nilijivunia sana. Sasa naona nusu tu ya jambo lile ilistahili fahari. Nilikuwa nimeijua ngoma ya mtu wa mbali, lakini nilikuwa sijawahi kumsikiliza jirani yangu.

Ndugu zangu, hata mchezo wa Kiswahili ukichezwa kwenye ukumbi wa chuo, mbele ya wasomi, bado uko mlimani. Wasanii wa vyuo vya Afrika Mashariki walilitambua hilo mapema. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walifunga safari wakati wa likizo, wakaigiza vijijini na mijini bila kutoza kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ilikuwa hatua njema, ingawa mchezo bado ulitoka chuoni ukiwa umekwisha kupikwa, na mwanakijiji akapakuliwa.

Huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, marehemu Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, walikwenda mbele zaidi. Waliandika mchezo kwa Kikuyu, na wakulima na wafanyakazi wa hapo wakaurekebisha, wakauimba na kuuigiza katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Baada ya wiki chache kibali kilifutwa. Mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 uwanja ule ukabomolewa. Mtu hawekwi kizuizini kwa sababu ya kitu kisicho na nguvu.

Hapa kwetu, mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, katika Mkoa wa Mwanza. Naomba mwitazame namna ya kazi hiyo, maana ndiyo kiini cha maneno yangu leo. Hawakwenda na mchezo. Walikwenda kuuliza. Kwanza wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao na kuyachambua sababu zake. Pili, waliyatungia maonyesho kwa ngoma, nyimbo na maigizo waliyoyajua tangu utotoni. Tatu, baada ya kuonyesha, hawakuondoka: walikaa wakajadili waliyoyaona, na nini kifanyike. Msomi alikuwa msaidizi. Mwenye ngoma alikuwa mwenye neno.

Sasa natoka kwenye historia niungame kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuandika habari za ziara ya kiongozi katika kijiji kimoja cha wilaya hizi mbili za Ngara na Biharamulo. Sitataja kijiji wala kiongozi, kwa kuwa kosa ninalolisimulia ni langu. Kikundi cha akina mama kilikuwa uwanjani tangu asubuhi. Mgeni alifika alasiri. Mama mmoja mtu mzima aliimbisha, wenzake wakaitikia, ngoma zikalia, mgeni akacheza kidogo, watu wakapiga vigelegele. Mimi, msomi wa Chuo Kikuu, niliandika kwamba wananchi walimlaki mgeni wao kwa shangwe na nderemo. Habari ikachapishwa.

Siku chache baadaye mwalimu mmoja Mhangaza aliniuliza kama nilielewa wimbo ule. Nikamwambia Kihaya nakijua, lakini Kihangaza nasikia neno hapa na neno pale. Akanifasiria. Wimbo ule ulianza kwa kumkaribisha mgeni, kama adabu itakavyo. Kisha ulimwambia kwamba mvua za masika zinapojaza mto, njia ya kwenda zahanati hukatika. Kwamba mjamzito mmoja alishikwa na uchungu akiwa ng'ambo hii, akabebwa hadi ukingoni, akangoja maji yapungue, na hayakupungua upesi. Ulimwomba mgeni awapatie daraja. Beti zilizofuata zilimtaja marehemu kwa jina.

Ndugu zangu, mama yule alikuwa ametoa hotuba kuliko sisi sote uwanjani. Alikuwa na tatizo, mfano, ushahidi na ombi. Nasi tulimpigia makofi, tukampa yeye na wenzake soda, tukapanda magari.

Nilirudi kwake mwaka uliofuata kumwomba radhi. Alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Wewe uliandika nini, mwanangu?" Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharage yake.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hakusikia anachougua? Sipingi ngoma kumlaki mgeni. Ukarimu ni sehemu ya utu wetu, na hapana aibu kuufurahia. Ninachopinga ni kuifanya hiyo kuwa kazi yake pekee. Ngoma za nchi hii ziliarusi, zilizika, zilivunisha, zilionya kijana mvivu na mkubwa mwenye pupa. Tukiziachia mlango mmoja tu wa mapokezi, tutakuwa tumezihifadhi huku tumezinyamazisha.

Basi, nini kifanyike hapa Nyabusozi? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la walimu. Mnapoandaa wanafunzi kwa ngoma, msianze na mavazi na mistari iliyonyooka. Waulizeni watoto wakawahoji bibi na babu zao: wimbo huu unasema nini, ulitungwa lini, ulimlenga nani? Waandike majibu kwa Kiswahili safi. Hilo ni somo la lugha, historia na uraia kwa pamoja. Kuna watakaohofu kwamba tunarudisha ukabila. Ukabila ni kumbagua mwenzako kwa asili yake. Kumfasiria mwenzako wimbo wako ili naye aulie na kuucheka ni kinyume chake kabisa. Kiswahili ndicho kinachomwezesha Msubi, Mhangaza, Mshubi, Mzinza na Msukuma wa hapa kusikilizana wimbo wa kila mmoja.

La pili ni la watumishi wa umma. Kila kikundi kinapoalikwa kutumbuiza, mtu mmoja apewe kazi ya kuufasiri wimbo kwa mgeni, papo hapo, bila kuupamba wala kuukata. Na maneno yenye ombi au malalamiko yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama yanavyoandikwa ya mtu aliyenyoosha mkono. Mwananchi akisema kwa kuimba, amesema.

La tatu ni letu sote tuliosoma. Njia ya Malya ina mtihani wake: wataalamu wakiondoka, nani ataitisha mazungumzo mengine? Chuo Kikuu hakiwezi kuhamia kila kata. Lakini walimu mpo hapa Januari hadi Desemba. Bwana shamba yupo, muuguzi yupo, mtendaji yupo. Kwa hiyo kazi ambayo Chuo Kikuu kiliianza kwa majaribio, ninyi mnaweza kuifanya kwa kudumu, mara moja kila baada ya mavuno, chini ya mwembe. Waandishi nasi tuje na tusikilize kabla ya kuandika.

Na mtoto wa hapa atakapochaguliwa kwenda Chuo Kikuu, iwe Mlimani au kwingineko, msimpeleke mikono mitupu akajifunze huko kwamba ana utamaduni. Aende akiwa na wimbo mmoja anaoujua maana yake. Akifika jioni ile ya ngoma niliyoisimulia, naye awe na kitu cha kuwafundisha wenzake, na awaambie nani alikitunga na kwa sababu gani.

Mama yule bado ananidai jibu. Nimelileta kwenu leo, na nitalichapisha kesho, safari hii na maneno ya wimbo wake.