MZIGO NA MPAGAZI

Jioni hii sisi walimu wa chuo cha ualimu huku Tabora twataka kuzungumza nanyi juu ya swali moja: nchi inapotengeneza upya uchumi wake, yafaa ijifunze nini kwa nchi nyingine?

Tuanze na njia yetu wenyewe. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaenda hata Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili begani. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo uliochukua miezi njiani ukachukua siku chache. Hiyo ni faida kubwa, wala hatuikatai. Lakini mpagazi hakutayarishiwa kazi nyingine. Watu wengi wa huku walikwenda kukata mkonge Tanga, mbali na watoto wao.

Sasa tutazame ng'ambo. Uchina, baada ya mwaka 1978, iliwapa wakulima mashamba kwa mkataba, kila jamaa na lake. Fungu lililowekwa waliiuzia serikali; lililozidi waliliuza sokoni. Hivyo soko jipya lilikua kando ya utaratibu wa zamani. Vietnam ilitangaza mageuzi yake mwaka 1986, na mwaka 1988 ikawaachia wakulima mashamba kwa muda mrefu. Mwaka 1989 nchi hiyo, iliyokuwa ikinunua chakula nje, iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele.

Na sisi je? Mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya shilingi ilishushwa, biashara ikafunguliwa, na sabuni na sukari zikaonekana tena madukani. Mtu aliyepanga foleni miaka ile hawezi kulibeza jambo hilo. Lakini ruzuku ya mbolea nayo ilipunguzwa, hata katikati ya miaka ya 1990 ikawa haipo. Mkulima wa mahindi aliye mbali, asiye na duka la karibu wala wa kumkopesha, aliachwa kama mpagazi wa zamani. Mwaka 2003 ilibidi ruzuku ianze kurudishwa.

Hatusemi tuige Uchina au Vietnam kwa kila jambo. Ardhi yao na serikali zao si kama zetu. Twasema tutazame utaratibu wa kazi yao. Wahenga walituonya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuondoa cha zamani, yatupasa kuuliza ni nani anayekitegemea, na kipya kimemfikia au bado.

Ulizeni hivyo hata katika vyama vyenu vya ushirika.